Nguzo ya Uani kwa Dada

Nguzo ilianguka asubuhi, jua likiwa ndio kwanza limegusa ukuta wa jikoni, na ilianguka taratibu kama mtu mzima anayetafuta pa kukaa. Ilikuwa ya mti. Miaka kumi na minane ilisimama pale mwisho wa ua, na mchwa walikuwa wameila kwa ndani mpaka likabaki ganda tupu. Siku hiyo ilikuwa imebeba shuka kumi na moja za nyumba ya wageni, zote mbichi. Ikaguna, ikainama, ikalala. Na shuka zikaifuata moja baada ya nyingine, zikatanda matopeni bila haraka.

Mwenye ua alikuwa dobi, mwanamke mnene wa mikono na mwepesi wa maneno, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Povu. Alimtumia salamu mdogo wake wa pekee, fundi wa mageti. Huyo naye alikuwa na jina lake la mtaani: Futikamba, kwa kuwa kipimo hicho hakikumtoka kiunoni. Ilisemwa kwamba hata siku ya ndoa yake alipima kwanza upana wa mlango kabla bibi arusi hajapita. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanusha.

Alipofika alimkuta dada yake amesimama katikati ya ua, mikono imening'inia, hasogei mbele wala nyuma.

"Pole, Dada. Shuka zitafuliwa tena."

"Shuka si kitu," alisema Bi Povu. "Nataka nguzo, mdogo wangu. Nguzo ambayo hata nikiiegemea kwa uzito wangu wote, haitikisiki."

"Nguzo ni ya nguo, Dada, si ya watu."

"Na mimi nimesema hata nikiiegemea. Masikio unayo au umeyaacha kwenye mashine?"

Futikamba akacheka, akafungua kipimo. Kutoka ukuta wa jikoni, ambako kamba ilianzia, mpaka pale nguzo ilipokuwa, kando ya bomba la maji, zilikuwa mita kumi na tatu kasoro kidogo. Akaandika kwa chaki kwenye kiganja.

Karakana yake ilikuwa na sakafu ya saruji iliyosuguliwa na miaka, na hapo ndipo alipochorea kazi zake zote. Alipiga magoti akachora mstari mmoja wima. Kisha akakwama. Miaka thelathini alikuwa ametengeneza mageti na madirisha ya nondo, vitu vya kumwambia mtu "ishia hapo". Hakuwahi kutengeneza kitu ambacho kazi yake ni kusimama tu, kikishikilia upepo na maji ya watu. Mchana ukawa mzito, mashine zikanyamaza, na vumbi la chuma likaelea kwenye mwanga wa dirishani kama limesahau kutua. Alijilaza kando ya mchoro wake, usingizi ukamchukua. Akaota yuko kwenye nyumba yenye kuta za shuka. Kila ukuta alioupita uliinuka wenyewe ukampisha, na nyuma ya kila chumba kulikuwa na kingine, cheupe, chenye harufu ya sabuni. Mahali fulani mbele yake mtu alikuwa akiimba. Hakumfikia.

Kesho yake alimpelekea dada yake mchoro, ameuhamishia kwenye kipande cha boksi. Paipu ya chuma nene, na juu yake mkono wa kulala wenye matundu matatu ya waya. Bi Povu hakuutazama sana. Aliupitishia kidole.

"Ongeza waya wa nne. Chini, usawa wa nyonga yangu."

"Wa nini? Shuka zitaburuzika chini."

"Huo si wa kuanikia. Wewe weka tu."

Mwenye shamba ndiye anayejua panapopitika, alijiambia Futikamba, akaongeza waya wa nne. Akachomelea, akachimba shimo la kufika magotini, akamwaga zege, akaweka pima maji juu ya chuma mpaka kile kipovu cha ndani kikatulia katikati. Nguzo ilisimama wima kama askari wa zamu. Akaiacha ikauke siku nne.

Siku ya tano Bi Povu akaanika mablanketi. Yalikuwa sita, yamenywa maji mpaka yakawa na uzito wa ng'ombe. Futikamba alikuwa pale na mkewe, aliyekuja kuona kazi ya mumewe na kumsalimu wifi yake. Walitazama wote wawili: nguzo ikaanza kuelekea jikoni, polepole, kama inayotaka kusikia kinachopikwa.

"Inapiga goti hiyo," alisema mkewe.

"Naona."

"Baba watoto, usinikasirikie. Mageti yako yanasimama kwa sababu yana ukuta wa kuegemea. Hii umeileta duniani haina ndugu."

Uso wa Futikamba ulimchoma, lakini kweli ilikuwa kweli. Waliyashusha mablanketi, na alasiri ile ile akaing'oa nguzo kwa mtaimbo, zege lake dogo limening'inia chini kama jino.

Safari hii alichimba mpaka kiunoni. Alipanua shimo chini kuliko mdomoni, mfano wa mtungi, ili zege likishaganda lisiweze kuvutwa juu. Akatandaza kokoto chini maji yapate pa kupenyea. Aliamua pia kwamba nguzo isisimame wima kabisa. Ilale nyuma upana wa vidole viwili, ili waya zikishaivuta ndipo inyooke. Na akaipa ndugu: mguu wa paipu nyembamba, wa kuegemea kwa mshazari upande wa mbele, unaotazama jikoni. Zege liliposhika alizifunga waya zote nne, na kabla ya kuuchomelea mguu huo aliusimamisha kwa muda, ameufunga kwa kamba, aone unavyokaa.

Ilikuwa saa sita ya mchana, kivuli cha kila kitu kimejificha chini yake. Bi Povu alitoka jikoni na karai kiunoni, mkono mmoja ukiteleza juu ya waya wa chini, akipita kati ya shuka zilizoanikwa kwa muda kwenye kamba ya pembeni. Zilipumua, zikamfunika, zikamfunua. Alikuwa akiimba kwa ndani ya pua. Futikamba alimtazama akahisi amewahi kuona jambo hili, hakukumbuka wapi. Kisha mguu wa dada yake ukagonga ile paipu, na dada na karai wakaenda chini pamoja.

Alimkimbilia. "Umeumia?"

"Kivuli kimenidanganya," alisema Bi Povu, akijipangusa goti.

Futikamba akatazama chini. Hapakuwa na kivuli hata cha sisimizi.

Alimkalisha kwenye kigoda, akaenda kwenye mkokoteni wake, akarudi na makopo mawili ya rangi. "Tuipake ipi, Dada? Nyekundu au bluu?"

"Hiyo nyekundu nzuri," alisema Bi Povu, na kidole chake kikaelekea kopo la bluu.

Upepo ukapita uani. Shuka zikajaa, zikalegea. Futikamba aliyaweka makopo chini kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba yalikuwa yamejaa mayai.

"Tangu lini?"

Bi Povu alilipapasa goti lake. "Jicho la kulia, tangu mwaka juzi. La kushoto linafuata mwenzake. Naona mwanga. Naona weupe. Kama niko ndani ya shuka muda wote, mdogo wangu, na mtu ananiita kutoka nje."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungeniondoa kwenye karai. Ungenikalisha kitini unipikie uji. Mimi nina mikono. Doa nalijua kwa kidole, sabuni naijua kwa harufu. Ila bombani nilikuwa nafika kwa kushika kamba. Nguzo ilipoanguka ile asubuhi, nilisimama katikati ya ua wangu nisijue mlango uko wapi."

Futikamba alitaka kufoka, na alitaka kulia, asijue kipi kitangulie. Alisimama, akaenda mpaka ukuta wa jikoni, akafumba macho, akaushika ule waya wa chini. Akaanza kutembea. Shuka zilimgusa mashavu kwa ubaridi. Sauti za mtaani zilisogea mbali. Jua lilikuwa wekundu laini ndani ya kope zake, na ardhi ilikuwa pana ajabu, haina mwisho. Hakujua amefika nusu au robo. Waya ulitikisika kidogo mkononi, na kwa mtikisiko ule mdogo akajiona kama anayeteleza ukingoni mwa kisima. Ndipo alipoelewa alichokuwa akiombwa tangu mwanzo.

"Mguu hauwezi kukaa mbele," alisema alipofumbua macho.

"Hilo goti langu lishakuambia."

Akauhamishia nyuma ya nguzo, mbali na njia ya bomba, mwisho wake ukazikwa kwenye zege lake wenyewe. Kule nyuma haukuegemeza tena, uliivuta nguzo isielekee jikoni. Kwenye waya wa chini akachomelea vifundo vidogo, akavilainisha kwa tupa visikwaruze: kimoja kila hatua tatu, na viwili vya pamoja pale zinapobaki hatua mbili kufika bombani. Kichwa cha nguzo akakiziba kwa kifuniko maji yasiingie. Mdomo wa zege akauinua juu ya ardhi, ukateremka pande zote, mvua isituame kwenye chuma. Bi Povu alisimama karibu muda wote, akiuliza kila kinachofanyika, akikosoa kwa masikio.

"Hapo hujasaga vizuri, nasikia."

"Dada, wewe ungekuwa fundi tungekufa njaa sisi wengine."

Zege lilipokauka, Bi Povu aliikumbatia nguzo kwa mikono miwili, akainua miguu yote juu. Mwili wote ule wa kidobi ukaning'inia hewani. Mke wa Futikamba akajishika kinywa. Nguzo haikusema neno.

"Haya," alisema Bi Povu, akirudisha miguu chini. "Sasa nipelekeni hospitali, maana naona mnataka kusema na mnaogopa."

Daktari wa macho aliwaambia kwamba kilichokwenda kimekwenda. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, bila kukosa. Njiani wakirudi Bi Povu alisema kwamba yule daktari koti lake halikusuuzwa vizuri, lilikuwa linanuka sabuni.

Siku hizi mke wa Futikamba huenda kule kila Jumatano kumsomea wifi yake madoa.

"Hili hapa, wifi, karibu na pindo."

"La nini?"

"Mafuta, nadhani."

Bi Povu huligusa, hulinusa. "Wino," husema. "Nyie wenye macho mna taabu." Kisha hutumbukiza shuka majini mpaka viwikoni, na wote wawili hucheka, na povu hupanda.