Mtungi wa Pili

Tumbo lilikuwa linanywea. Daktari mwanafunzi aliliona hilo kwenye skrini: ukuta wa tumbo, uliokuwa umeinuliwa kwa gesi kama turubai, ulishuka taratibu, utumbo ukasogea mbele ya kamera, na mfuko wa nyongo ukajificha nusu.

"Sista, gesi."

Muuguzi aliugonga mtungi kwa kucha. "Huu unaaga, Daktari."

"Lete wa pili."

"Wa pili umekwenda kwa Profesa."

Hakuna aliyeinua macho. Kwenda kwa Profesa maana yake ni kuvuka barabara na kuingia katika kliniki yake binafsi. Naye Profesa alikuwa ameketi papo hapo, nyuma ya mwanafunzi wake, amefumbata mikono.

Miaka miwili mwanafunzi huyo alikuwa ameshika kamera tu, akiwamulikia wengine. Leo, kwa mara ya kwanza, vyombo vilikuwa mikononi mwake. Lakini Profesa alikuwa na sheria yake: aanzaye upasuaji kwa matundu madogo akamaliza kwa kulipasua tumbo kwa kisu, hurudi kwenye kamera. Wapo walioishika mpaka wakaota mvi, kwa kuwa pasipo idhini ya Profesa hakuna hospitali iliyomruhusu mtu kufanya upasuaji huo.

"Unangoja nini? Mrija wa mfuko wa nyongo huo hapo. Bana, kata."

"Sijauona vizuri, Profesa. Huenda ni ule mkubwa utokao kwenye ini."

"Huenda! Unaniletea huenda mezani?"

"Bibi harusi anaogopa mlango," alisema mtaalamu wa usingizi, akacheka peke yake.

"Ni wewe uliyetufundisha, Profesa, tusikate tusichokiona."

"Niliwafundisha wenye macho."

Mrija mkubwa ukikatwa, nyongo humwagika tumboni, na mtu huoza angali hai. Mtu huyu aliyelala mezani alikuwa mchukuzi wa sokoni. Jana yake daktari alikuwa amemchorea kwa kidole, juu ya tumbo lake mwenyewe, matundu manne madogo, akamwahidi kwamba atairudia mizigo upesi. "Basi niko mikononi mwako, mwanangu," mzee alikuwa amejibu.

Mwanafunzi aliusogeza mdomo wa chombo mpaka ukaugusa mrija. Tumbo likashuka tena. Nyama ikaiziba kamera, skrini ikawa nyekundu tupu.

"Kisu," alisema.

Muuguzi alimtazama Profesa.

"Sista, nimesema kisu."

"Mpe," alisema Profesa akiinuka. "Na kamera yake muitunze vizuri. Wataishi pamoja."

Alipopasua, akapapasa kwa vidole na kuona kwa macho, mrija alioambiwa akate ulikuwa kweli ule mkubwa. Aligeuka ili amwonyeshe mtu. Profesa alikwisha kutoka. Mtaalamu wa usingizi alikuwa anatazama simu.

Siku mbili baadaye, katika mzunguko wa wodi, Profesa alifunua shuka mbele ya wanafunzi wapya. Mshono ulifuata mbavu, mrefu, umevimba kingo.

"Tazameni. Hii ndiyo kazi ya mkono usiofundishika."

"Nitarudi kazini lini, Mheshimiwa?" aliuliza mchukuzi.

"Muulize fundi wako."

Walipopita, mzee alimwita daktari wake kwa sauti ya chini. "Mwanangu, nilikukosea nini? Jirani yangu huyu ametobolewa tu, na leo anakwenda kwao."

Daktari aliinama amweleze. Mlangoni Profesa alikuwa amesimama, anamsubiri.

"Mshika kamera! Mgonjwa wangu yuko mezani ng'ambo ya barabara."

"Naja, Profesa."

Mchukuzi alikwisha kushusha miguu sakafuni. Aliikamata ndoo ya maji iliyokuwa kando ya kitanda.

"Usinyanyue, baba! Miezi hii hutakiwi kunyanyua kitu."

"Nyumbani hawali mshono, Daktari. Bonyeza hapa, nijipime."

Mzee alikwisha kuinama. Daktari akaweka viganja vyote viwili juu ya mshono, akabonyeza ili usifumuke. Mzee akavuta pumzi, akanyanyua. Na chini ya viganja vya daktari nyuzi za mshono zikaanza kukazika, moja baada ya nyingine.