Breki za Gari la Fundi

Wiki nzima kabla ya sikukuu fundi hakupata nafasi hata ya kula akiwa amekaa. Kila mwenye gari alikuwa amekumbuka ghafla kwamba ana safari, na wote walikumbuka kwa pamoja. Magari yalijipanga kutoka mlango wa gereji mpaka duka la matairi, na kila mtu alitaka lake litangulie. Sasa, fundi huyu ana ugonjwa mmoja ambao hauna dawa: hajui kukataa. Mvike kilemba cha ukoka, mwite bingwa, basi umemmaliza. Atalala chini ya gari lako mpaka mgongo ugome.

Jioni ya mwisho akaja mwalimu mmoja na wanawe watatu kwenye kiti cha nyuma. Pedi za breki zilikuwa zimekwisha kabisa, na madukani za aina ile hazikupatikana tena. Seti moja tu ilibaki, kwenye rafu ya fundi mwenyewe. Alikuwa ameinunua kwa ajili ya gari lake.

"Fundi, bila wewe hatuendi popote," mwalimu alisema. "Wengine wote wameshanirudisha."

Ikawa hivyo. Fundi akafunga pedi zake kwenye gari la mwalimu, akashukuriwa na mwalimu na watoto, akarudi nyumbani kifua mbele.

Alimkuta mkewe anakunja nguo za safari. Mkewe akamuuliza kama breki ameshabadilisha. Akajibu ameshamaliza. Alipokuwa anafunga zipu ya begi akamuuliza tena, maana alikuwa anamjua mumewe.

"Mke wangu, unamuuliza fundi habari za breki?"

Wakacheka, yakaisha. Moyoni fundi alijiambia zile za zamani zitavumilia, watafika, na huko atatafuta nyingine kimyakimya. Hayo ndiyo maneno ambayo yeye mwenyewe huwagombeza wateja wake wakiyasema.

Asubuhi wakafunga safari kwenda kwa shemeji mkubwa, ambako ukoo wote ulikuwa unakutana. Mama mkwe alikaa mbele kwa sababu ya goti lake. Nyuma alikaa mke, binti wa miaka tisa, na kitinda mimba wa miaka mitano aliyebanwa na mabegi mpaka akaonekana kichwa tu. Mama mkwe alikuwa na raha zake. Alimpigia simu dada yake, akamwambia kwa sauti ya kusikika gari zima, "Nyie ogopeni barabara za sikukuu. Mimi nina fundi wangu wa kunipeleka." Fundi akatabasamu na kukaza macho mbele. Siku nyingine sifa hiyo ingemnenepesha. Leo ilimkaa kooni.

Saa tano hivi, walipokaribia lori lililopunguza mwendo, akakanyaga breki na kuisikia. Chuma juu ya chuma. Sauti ile ameisikia kwenye magari ya watu miaka kumi na sita, wala haikuhitaji kuinamiwa. Akakanyaga tena, pedali ikazama zaidi kuliko jana. 

"Baba, mbona gari linalia?" binti akauliza.

"Vumbi tu, mwanangu."

Mbele yao, mwendo wa dakika ishirini, kulikuwa na mteremko mrefu wa kona saba, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Hakuna njia nyingine ya kufika kwa shemeji. Fundi alijua breki zile haziufikii mwisho wa mteremko ule zikiwa zimebeba watu watano na mabegi. Alijua pia kwamba akifungua mdomo, mkewe atamkumbusha lile swali lililoulizwa mara mbili, na mama mkwe atakuwa amekaa palepale anasikia. Aibu ikampiga kumbo akili, akaanza kutafuta ujanja.

Ujanja aliupata. Kitinda mimba alikuwa ameshatapika mara moja njiani. Walipofika kileleni, fundi akaegesha pembeni kwenye changarawe, akageuka nyuma akiwa amejikaza kisabuni.

"Kona hizi zitamchafua mtoto tena. Shukeni mteremke naye polepole kwa miguu, apate hewa. Mimi nitawakuta chini, kona ya pili, pana nafasi ya kuegesha."

Mkewe alimtazama kidogo. Kisha akaona ni wazo zuri, na hilo ndilo lililomuuma fundi kuliko yote. Akawashika watoto mikono, wakaanza kuteremka ukingoni mwa lami. Mpango ulikuwa rahisi: atabaki peke yake, atie gia ya kwanza, ateremke kwa mwendo wa kobe, na likimshinda alibamize kwenye mlima. Roho yake mwenyewe aliona si kitu.

Ila mama mkwe alikuwa bado amekaa, mkanda kifuani.

"Mama, na wewe ungenyoosha miguu kidogo," fundi akasema.

"Miguu ipi, mwanangu? Hii inayonyooshwa na daktari? Twende zetu."

"Basi upumzike hapa kwenye kivuli cha mwamba huu. Nitarudi kukuchukua."

"Urudi kufanya nini, na gari tunalo hapa?" Akacheka, halafu akaona uso wa mkwewe, akaacha kucheka. "Una nini?"

 Kumdanganya mke fundi alikwisha kuzoea, tuseme ukweli. Lakini kumteremsha mama wa watu mlima ule huku mama mwenyewe anamwita mwanangu, hapana, hakuweza. Akasema huku anatazama usukani, "Mama, gari hili halina breki. Pedi nilimfungia mtu mwingine. Mwanao nilimwambia nimebadilisha."

Mama mkwe hakupiga kelele. Alifungua mkanda, akafungua mlango, akatoa mguu mbovu kwanza kwa mikono miwili, kisha mzima. Aliposimama akatazama barabara inavyopinda kwenda chini.

"Ulitaka uteremke nalo peke yako?"

"Ndiyo, Mama."

"Na likikushinda, njiani mbele yako yupo nani?"

Fundi akatazama. Kwenye kona ya kwanza, vichwa vitatu vilikuwa vinapotea nyuma ya mwamba, mtoto upande wa mlima, kule kule alikopanga kulibamiza gari. Alikuwa ameiwazia roho yake mwenyewe kwa ushujaa mwingi. Hao hakuwawazia hata kidogo.

Akachomoa ufunguo na kukimbia. Alikimbia na kandambili mpaka moja ikakatika, akaiacha. Alipoita, sauti ilitoka kama ya mtu mwenye mafua. Kitinda mimba akageuka, akamwona baba yake anakuja mbio, akadhani ni mashindano, akachomoka kuelekea chini huku anacheka. Mama yake akamdaka kwa fulana. Lori likawapita likipanda, likawatimulia moshi.

"Kuna nini?" mkewe akauliza. "Mama yuko wapi?"

"Ameshuka. Yuko juu, salama." Akashika magoti, akavuta pumzi. "Breki sikubadilisha. Nilikudanganya jana, na leo nimewashusha ili msijue."

Mkewe alitazama juu walikotoka, akatazama chini walikokuwa wanakwenda. Fundi aliona anavyoliunganisha jambo lenyewe, taratibu, mpaka likafika. Midomo ikamcheza. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, na fundi alisimama akiyasubiri, hata akayatamani.

 Mkewe alimvusha binti upande wa pili wa mfereji, mbali na lami, kisha akamnyanyua kitinda mimba na kumweka kiunoni. Mtoto ana miaka mitano, ni mzito, na mlima ulikuwa mkali.

"Mlete nimbebe," fundi akasema.

"Nitambeba mwenyewe."

Wakapanda. Mara tatu mkewe alisimama kupumzika, jasho linamchuruzika shingoni. Mara tatu fundi alinyoosha mikono, na kitinda mimba naye akamnyooshea ya kwake, akitaka kwenda kwa baba. Mara zote tatu mkewe alimgeuza mtoto upande wa pili, akaendelea kupanda.