Vidato Thelathini na Vinne vya Hamood

Ijumaa moja ya mwezi wa Agosti, baada ya biriani na kabla ya usingizi wa mchana, Hamood alibandika mpango wa safari kwenye mlango wa friji. Zilikuwa karatasi mbili zilizogandishwa pamoja, rangi nne, siku ishirini na moja, kila siku na mwinuko wake, saa zake za kutembea na kijiji chake cha kulala. Oktoba, inshallah, yeye na mkewe Khulood wangepanda milima ya Nepal kwa miguu. Wangelala katika nyumba za chai, vijumba vya wenyeji huko juu ambamo msafiri hupewa kitanda cha mbao, supu na birika la chai, akaamka akaendelea na njia yake. Hamood ni mkuu wa kitengo katika wizara moja, mtu wa mipango. Mlima ulio nyuma ya nyumba yake hapo Muscat, ambao mbuzi wanaupanda kila siku bila ya mpango wowote, hajawahi kuukanyaga. Anasema jua kali.

Mama yake, Bi Nadra, mzaliwa wa Unguja ambaye magoti yameshamkatalia ngazi siku nyingi, aliusoma mpango wote kisha akauliza swali moja.

"Na mimi nnabaki na nani?"

"Na Nansubuga, Mama."

Nansubuga alikuwa hapo hapo, anasugua sufuria la biriani. Ni Mganda, kwao Mityana. Alikuwa ametimiza miaka miwili katika nyumba ile, na mkataba wake unasema kila miaka miwili ana siku ishirini na moja za kwenda kwao. Binti yake Nabaggala, wa miaka saba, alikuwa ameshaambiwa mama anakuja Oktoba. Alifunga bomba.

"Baba, Oktoba ndiyo likizo yangu. Ulisema."

"Nilisema, na wala sijakataa," alijibu Hamood kwa upole, maana si mtu mbaya, muulize yeyote. "Tukirudi sisi, utakwenda wewe. Haraka ya nini?"

Pasipoti ya Nansubuga ilikuwa ndani ya kasha la chuma chumbani kwa Hamood, kwa usalama. Usalama wa nani, hakuna aliyewahi kuuliza.

Wiki hiyo hiyo mabuti ya kupandia mlima yalifika, pea mbili. Ndani ya boksi kulikuwa na kijikaratasi: buti jipya lisipelekwe mlimani mpaka lilainishwe kwa wiki tatu, mvaaji apande na kushuka ngazi na mzigo mgongoni, la sivyo atatoka malengelenge. Sasa katika nyumba ile, kila kitu kinachochukua muda na kuchosha kina mwenyewe. Khulood alitazama miguu ya Nansubuga. Wote wawili wanavaa thelathini na tisa. Ya Hamood angeyavaa huyo huyo mchana, kwa soksi pea tatu.

Basi kila siku saa nne asubuhi, akishamaliza kufagia, Nansubuga alivaa mabuti, akajitwika shanta lenye kilo kumi na mbili za mchele, akapanda vidato thelathini na vinne kutoka jikoni mpaka juu ya paa, kwenye kamba za nguo na tangi la maji. Na kwa kuwa anakwenda huko huko, alipewa na nguo za kuanika.

Siku ya kwanza alikawia muda wa saa sita. Alirudi na matope mpaka magotini, akinukia misonobari. Alisema ukipita kidato cha tisa kuna daraja la kamba, halafu mto, halafu kijiji, na nguo ameanika kwenye ua wa mama mmoja aliyemkaribisha chai. Khulood akamwambia afute miguu kabla ya kukanyaga marumaru. Hamood alikwenda kwenye friji, akasoma: siku ya kwanza, daraja, kijiji, saa sita. Akatia alama ya vema.

Ikawa ndio hivyo. Kila asubuhi alianzia pale alipoishia jana, na jioni alishuka kuja kupika. Mezani alitoa ripoti, na Hamood akiandika.

"Chakula?"

"Wali na dengu, Baba. Kila mahali wali na dengu. Na supu ya kitunguu thomu, wanasema inasaidia kichwa."

"Choo?" aliuliza Khulood, na hapa hata Hamood aliweka kalamu chini.

"Iko nje, Madam. Shimo tu."

"Maji je?"

"Kuna ndoo. Lakini maji imekuwa barafu."

Khulood akasukuma sahani yake. Baada ya hapo hakula tena.

"Chukueni kopo la kwetu," alisema Bi Nadra. "Mtayayeyusha huko huko."

Siku ya nane Nansubuga alirudi na theluji mabegani. Nje Muscat ilikuwa digrii arubaini na nne. Bi Nadra alimwomba ampe kidogo ajitie gotini, ikamfaa, na tangu siku hiyo alikuwa akiletewa bakuli zima. Ni yeye peke yake aliyemuuliza kama kuna baridi.

"Iko sana, Bibi."

"Masikini mwanangu. Wallahi unaonewa," alisema Bi Nadra, kwa moyo mmoja. Kisha akaomba chai yake.

Siku ya kumi na nne, mita elfu nne na mia tisa, kidato cha thelathini, Nansubuga alimkuta askari nyuma ya meza, na daftari. Askari alizungumza Kinepali na Nansubuga akamwelewa vizuri, kwani watu wa pasipoti wana lugha moja dunia nzima. Bila ya pasipoti hapiti.

Alishuka na neno hilo. Lakini njiani alikuwa ameshawaza, maana mpango wa friji alikuwa ameuhifadhi kwa moyo. Ukivuka kilele, upande wa pili njia inateremka, siku tatu, mpaka kwenye barabara. Hapo pana basi. Basi linakwenda mjini, na mjini pana uwanja wa ndege. Jioni hiyo, akipika, alimwaga chumvi.

"Pasipoti siwezi kukukabidhi," alisema Hamood. "Nitaichukua mwenyewe, tupande sote, nimwoneshe huyo askari."

Asubuhi alipanda nyuma yake, pasipoti imo mfukoni mwa kanzu yake ya dishdasha. Kufika kidato cha kumi na tatu midomo ilikuwa ya buluu, anatapika, anamwita mama yake. Nansubuga akambeba mgongoni juu ya shanta na mchele wake, akamteremsha. Njia nzima aliihisi ile pasipoti, ngumu, inamgusa bega. Aliwaza kuichukua katika kila kidato, vyote kumi na tatu. Hakuichukua. Mtu alikuwa anakufa, na mkono mmoja ulikuwa unamshikilia miguu.

Khulood ndiye aliyepata ufumbuzi: kopi ya rangi, ikatiwa plastiki. Askari aliigeuza huku na huku akasema kwa kopi anaweza kufika kileleni, lakini arudi kwa njia aliyojia. Kuteremka upande wa pili kunataka pasipoti yenyewe.

Kwa hiyo Nansubuga alisimama mita elfu tano na mia nne, kwenye kidato cha mwisho, akaiona barabara. Aliliona na basi, dogo mfano wa kiberiti, linapakia watu. Akalia. Hakulia kwa sababu ya uzuri wa mahali, kama Hamood alivyokuja kuwahadithia watu, alilia kwa uchungu wa mwanawe. Akalitazama basi mpaka likaondoka, akaanza siku nne za kurudi.

Siku ya ishirini na moja mabuti yalikuwa laini kama mkate wa kumimina. Hayakuwa na kazi tena. Khulood alisema choo kile hakiwezi, na Hamood, kila akitazama ngazi, alisikia kizunguzungu. Wakakata tiketi za Trabzon, Uturuki, hoteli ya nyota tano. Katika barza ya Alkhamisi hapo nyumbani Hamood alieleza jinsi "tulivyolala" mita elfu nne, na supu ya thomu ilivyo, na wenzake wakamsifu kwa kuwa na pumzi.

Nansubuga alingoja waondoke wageni.

"Baba, niko na ombi. Mabuti khalas, imekuwa laini. Naomba sasa niende kwetu."

"Haki yako," alisema Hamood, na kesho yake akampeleka mwenyewe Wadi Kabir, kwenye ofisi ya wakala aliyemleta, juu ya gereji la matairi. Karani, kijana nadhifu aitwaye Marwan, alisikiliza habari yote bila ya kumkatiza. Akauliza kama alivuka mpaka.

"Nilifika kwa askari," alisema Nansubuga. "Akaandika jina yangu."

"Theluji uliiona?"

"Niliiona."

"Siku ngapi?"

"Ishirini na moja. Lakini jioni nilikuwa napika."

"Hiyo hisani yako, haimo katika mkataba," alisema Marwan, akapiga muhuri. "Siku ishirini na moja nje ya nchi, likizo imeshatumika yote. Hongera, dada. Wenzako likizo zao zinaishia Kampala tu." Akaandika tarehe ya likizo ijayo, miaka miwili mbele. Hamood alisema yeye hakulijua hilo, lakini utaratibu ni utaratibu. Ofisi, kwa ukarimu wake, ilipeleka ujumbe wa pongezi kwenye simu ya familia huko Mityana.

Jumapili, kama kawaida, Nansubuga alipiga simu. Alipokea Nabaggala, anayelelewa na bibi yake huko.

"Bibi anasema walikupa likizo, ukaenda kutembea mlimani," alisema mtoto kwa Kiganda.

Nansubuga alitafuta pa kuanzia, akaona mtoto ni wa miaka saba na simu ina dakika kumi.

"Ndiyo."

"Palikuwa pazuri?"

"Pazuri sana," alisema Nansubuga. "Haya, niambie, shule mmefunga lini?"