Mapigo ya Mama

Tangu Mama avishwe bangili ya kupima moyo, kicheko kilihama nyumba ile.

Haikuwa bangili ya urembo. Ilikuwa ya mpira mweusi, na upande wa ndani ilikuwa na kijitaa cha kijani kilichong'ang'ania mkono wake mchana na usiku. Kila pigo la moyo liliingia kwenye simu iliyokaa juu ya kabati la sebuleni, kando ya vidonge vya kuweka chini ya ulimi moyo ukizidiwa, na kutoka hapo likawafikia muuguzi wa kliniki, Kaka na Dada. Kaka na Dada waliishi mbali. Aliyebaki na Mama ni binti wa mwisho, ambaye wote walimwita Kitinda. Alishona sare za shule kwenye cherehani ya Mama, tangu Mama mwenyewe alipoishiwa nguvu za kukanyaga.

Siku ya kuvishwa, muuguzi aliuliza, "Mgonjwa mwenyewe ameridhia?"

"Ameridhia," Kaka alijibu.

Mama alikuwa amekaa pale pale, mkoba wake mapajani. Hakuna aliyemgeukia.

Mwanzoni Mama alilifanya jambo hilo mzaha. "Moyo wangu umekuwa redio," alisema. "Wote wanasikiliza, na mwenye redio haruhusiwi hata kubadili stesheni."

Kisha siku moja msusi wa nyumba ya pili akaja kumjulia hali. Akamsimulia kuhusu mteja aliyesinzia akisukwa, akaamka, akajitazama kwenye kioo na kudai amesukiwa kichwa cha mtu mwingine. Mama alicheka hadi akashika mbavu. Simu ikalia.

"Kitinda! Mbona mapigo ya Mama yamepanda? Umemfanya nini?"

"Anacheka, Kaka."

"Anacheka nini?"

"Anacheka tu. Si watu hucheka?"

"Usinijibu hivyo. Mwambie huyo mgeni aende, Mama apumzike."

Sauti ya Kaka ilijaa sebule nzima. Msusi akajifunga kitambaa chake upya, akaaga kwa adabu, na hakurudi tena.

Basi wakazoea kuishi kwa kunyata. Mama aliacha kusikiliza mpira, akaacha kubishana na taarifa ya habari. Lililobaki ni simu ya asubuhi kutoka kwa mdogo wake. Waliongea kwa minong'ono kama wasichana waliotoroka shule, huku Mama akishona kwa mkono blauzi ya bluu ya huyo mdogo wake.

Mama mdogo akafariki.

Kaka aliandika kwenye kundi la familia: Mama asiambiwe mpaka mazishi yapite, moyo wake hautahimili. Dada akaunga mkono. Kitinda akaandika "sawa", kisha akaenda uani kufua nguo ambazo hazikuwa chafu, apate pa kuficha uso.

Lakini asubuhi zikapita bila simu.

"Mdogo wangu kanyamaza," Mama alisema, sindano mkononi.

"Labda hana salio, Mama."

"Yule? Yule angeazima hata simu ya adui yake." Akaiweka blauzi chini. "Kitinda. Niangalie. Kafa?"

Kitinda alifungua mdomo, uongo ukakataa kutoka. Akainamisha kichwa.

Mama hakupiga yowe. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuitazama simu juu ya kabati. Na kweli, ikalia.

"Umemwambia!" Kaka alifoka. "Mpe simu. Mama? Tulia, Mama. Vuta pumzi kwa pua, toa kwa mdomo. Usilie, tafadhali. Unataka kutuongezea msiba?"

Mama akavuta kwa pua, akatoa kwa mdomo, kama mtoto aliyekemewa mbele ya wageni. Akarudia, akarudia, mpaka namba ikashuka na Kaka akashukuru Mungu.

Simu ilipokatika, Mama akanyoosha mkono. "Nivue hii."

"Mama, daktari alisema..."

"Mdogo wangu nilimbeba mgongoni, mwanangu. Sitaki kufa. Nataka kumlilia bila kukemewa kwenye simu."

Bangili ikivuliwa tu, simu hupiga kelele kwa wote. Kitinda alilijua hilo. Akafikiri kidogo, kisha akaifungua haraka na kuivaa yeye. Simu haikulia.

"Wewe baki hapa," Mama alimwambia akiichukua blauzi. "Ukija utalia nawe, watakuona."

Mlango wa chumbani ukafungwa. Kilio kikaja, kwanza chembamba, kisha kikapanuka. Mama alimwita mdogo wake kwa majina ya utotoni ambayo Kitinda hakuwahi kuyasikia. Miguu ya Kitinda ilitaka kunyanyuka. Akajikaza. Akainamia cherehani na kushona kola, polepole, akivuta kwa pua na kutoa kwa mdomo, maana moyo wake sasa ulikuwa ndio moyo wa Mama.

Kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kisha kimya. Amelala, Kitinda aliwaza. Apumzike.

Ujumbe ukaingia kutoka kwa Dada: "Mapigo mazuri sana. Ona, ametulia. Hongera, Kitinda, unajitahidi."

Akamaliza kola. Akamaliza na ya pili. Kisha akachemsha chai, akaibeba chumbani.

Mama alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea kitanda, blauzi ya bluu imeziba kinywa chake kama mtu aliyekuwa akificha sauti. Mkono wake mwingine ulikuwa umenyooshwa kuelekea mlangoni. Kitinda aliugusa. Ulikuwa umeshapoa.

Kikombe kilianguka. Alivikumbuka vile vidonge, vilivyokaa juu ya kabati muda wote, hatua chache kutoka kwenye cherehani. Mama angekuwa na bangili mkononi, simu ingelia. Ingelia, nami ningekimbia.

Sebuleni simu ikaanza kulia. Akaifuata.

"Kitinda! Mapigo yamepanda ghafla, namba nyekundu! Mpe kidonge! Unasikia? Mpe Mama kidonge!"

Kwenye mkono wake kijitaa cha kijani kilikuwa kikiwaka bila kuchoka.

"Kaka," alisema.

"Mpe kwanza, utaongea baadaye!"

"Kaka, hayo ni yangu."