Jiwe Lenye Kamba ya Buluu

Katika mji wa Goma kitu chaweza kumsimamia mtu. Kwenye bomba la maji, bidoni, yaani madumu ya maji, hupanga mstari badala ya wenyewe. Na katika chuo kikuu kile cha juu, kwenye barabara ya Munigi, ambako madarasa ni madogo na wanafunzi ni tele, anayewahi huacha kipande cha jiwe la volkano kwenye benchi, kisha huenda zake kutafuta chai. Hakuna aondoaye jiwe la mwenzake. Atakayethubutu ataitwa mwizi mpaka siku ya kupokea diploma.

Umwiza aliijua desturi hiyo kwa kaka yake Moïse, aliyesomea finance, elimu ya fedha, huko mwaka mmoja tu. Kiangazi kilichopita Moïse alimfuata mbuzi aliyeingia katika shimo la lava kando ya barabara ya Sake, naye hakupanda tena. Mazuku yalikuwa yamelala humo chini: hewa ile nzito isiyo na harufu, imzimayo mtu kama mshumaa.

Sasa Umwiza alikuwa amefaulu mtihani wa serikali, na vyuo viwili vilimkubali kusomea finance: hicho cha juu, na kingine kule Himbi, karibu na ziwa. Moyo wake ulikuwa Himbi. Huko asingekuwa dada wa marehemu. Angeitwa kwa jina lake. Lakini baba yake, Papa Ézéchiel Harelimana, mtu wa milima ya Masisi asiyependa kurudia neno, alikuwa amekwisha kuamua.

“Siku ya maziko nilisema mbele ya kaburi: Moïse, nafasi yako haitapotea, tutakushikia. Sikusema vile kwa muchezo. Utaikala kwenye benchi, pale aliikalaka.”

“Papa, miye si yeye.”

“Nani amesema weye ni yeye? Nimesema nafasi. Kesho uende ujiandikishe.”

Mama yake, Philomène, aliendelea kuchambua maharage.

Kesho yake, Jumatatu, Umwiza alipanda Munigi. Cubaka, aliyekuwa rafiki wa Moïse, alimpokea langoni kwa kicheko.

“Finance! Benki za Goma zimefunga tangu vita, weye unakuja kusomea nini, kufuli?”

“Siku benki zitafunguliwa, watatafuta mutu mwenye anajua hesabu. Hawatakutafuta weye.”

“Eeh! Kweli huyu ni dada ya Moïse.”

Akampeleka darasani. Mwalimu alikuwa hajafika, na ndani hamkuwa na mtu. Palikuwa na mawe tu, benchi kwa benchi, kila moja mahali pa mwenyewe, yametulia kama waumini walioinamisha vichwa. Kwenye benchi la mbele, upande wa dirisha, lilikuwako jiwe jeusi lenye tundu, na tunduni mmepitishwa kamba ya buluu. Umwiza aliitambua kamba hiyo. Aliisokota mwenyewe, kwa nyuzi za gunia, akampa kaka yake.

Cubaka aliacha kucheka. “Lile hatuligusake.”

“Nani analiwekaka pale?”

“Mwenye kufagia analitoa kila Jumamosi, analitupa inje. Jumatatu liko pale. Tulizani ni mutu anatuchezea, tukalinda mulango.” Akauonyesha mlango. “Hakuna mutu aliingia.”

Umwiza alisogea, akagusa ubao. Ulikuwa na joto, wala si joto la jua, maana jua lilikuwa bado upande wa pili wa nyumba. Lilikuwa joto la kiti ambacho mtu amekiacha sasa hivi. Alipoinama ili aketi, hewa ikawa nzito. Kifua kikavuta, kisipate kitu. Akasimama wima, na pumzi ikamrudia. Hakuketi, wala hakujiandikisha. Alichukua pikipiki, akateremka moja kwa moja mpaka Himbi.

Huko ziwa lilimetameta nyuma ya ukuta. Mama Léoncie, karani wa chuo, alizipokea karatasi zake kwa upole.

“Umwiza. Jina muzuri. Ungojee kwenye benchi, nitakuita. Hapana, binti, si upande ule. Kuna mutu ameshika nafasi. Hata huku wametuletea mazoea ya Munigi!”

Mwisho wa benchi, mahali ambapo Moïse hakupata kukanyaga katika maisha yake, lilikuwako jiwe jeusi lenye kamba ya buluu.

Umwiza hakupiga kelele. Alisimama, na hapo ndipo alipoyaelewa maneno ya kaburini. Kwenye bomba, mwenye bidoni akifa, mtu wa nyumba yake huja kuitoa mstarini mbele ya wote, na kusema: mwenyewe hatakuja. Neno hilo lisiposemwa, bidoni husogezwa pamoja na nyingine, hatua kwa hatua, popote mstari uendapo. Kwa Moïse hakuna aliyelisema. Aliambiwa atashikiwa, basi alikuwa anakuja.

Akarudi nyumbani bila kuandikwa, na jioni akamweleza baba yake. Papa Ézéchiel akauliza:

“Lile la kamba ya buluu?”

“Ndiyo, Papa.”

“Lile nilimutia mukononi, ndani ya sanduku ya maziko,” akasema mzee. “Miye mwenyewe nilifunga vidole vyake.”

Asubuhi alivaa koti lake la Jumapili, wakateremka pamoja mpaka Himbi. Wanafunzi walikuwa wamejaa benchini, ila mahali pamoja tu. Mzee alivua kofia, akainama. Umwiza aliona kifua chake kikikwama. Lakini alilinyanyua jiwe, akasema kwa sauti ile aliyotumia kusoma Maandiko kanisani:

“Mwenye jiwe hili ni Moïse, mutoto wangu. Amekufa. Hatakuja. Nafasi yake iko wazi.”

Mama Léoncie alifanya ishara ya msalaba. Umwiza akaketi. Ubao ulikuwa baridi kama ubao wowote, na hewa ikaingia mpaka chini ya kifua. Likaitwa jina, nalo lilikuwa lake.

Alipokuwa akitia sahihi, alimwona baba yake kupitia dirisha, akitoka langoni. Jiwe lilikuwa katika mkono wa kuume. Mkono wa kushoto aliuteremsha na kuusogeza pembeni kidogo, vidole vimekunjwa juu ya kitu kisichoonekana. Kando ya barabara alisimama, akatazama huku na huku, kisha akavuka kwa hatua fupi fupi, kama avukavyo mtu aliyemshika mtoto mkono.