Ukungu Uliohamia kwa Rozalia

Rozalia alikuwa anapuliza moto wa uji ukungu ulipoingia jikoni na kukaa kwenye kigoda cha marehemu mumewe. Ulikuwa ule ule wa msitu wa juu, aliouzoea tangu utoto: mweupe, mzito, wenye harufu ya majani yaliyooza. Rozalia akausalimia, "Kamwene," maana mgeni ni mgeni, akausogeza kando kidogo usije ukamloweshea kuni. Moto ukazimika hivyo hivyo.

Hayo yalikuwa mwaka uliofuata ule wa sherehe za kutawazwa Malkia wa Waingereza, katika kijiji kimoja cha juu ya Nyololo, kiwanda cha mbao kilipokuwa kimekwisha kula msitu wote ukabaki kipande kimoja. Kipande hicho kilikuwa juu ya mianzi ya Rozalia. Zamani ukungu ulikuwa unalala msituni, alfajiri unashuka kuinywesha mianzi, nayo mianzi ikishanyweshwa inatoa ulanzi. Rozalia aliishi kwa pombe hiyo. Tangu mumewe afariki alikuwa anagema mwenyewe, asubuhi na jioni, anakata ncha ya mwanzi mchanga na kutega mbeta, kile kikombe cha mwanzi cha kukingia. Sasa, misumeno ikisogea ukingoni mwa hicho kipande, ukungu ulikuwa umekosa pa kulala, na mianzi kule nje ilianza kunyauka.

Kuishi nao hakukuwa na shida kubwa. Haukuwa na kelele wala haukuchagua chakula. Ila uyoga uliota kwenye Biblia, kuanzia Mambo ya Nyakati, na kuku wakawa wanagongana vichwa sebuleni. Jirani yake, Matilda, akija kuazima chumvi alisimama mlangoni na kuita, "Uko wapi wewe?" Rozalia alijibu, "Fuata sauti." Chumvi yenyewe ilikuwa imeshakuwa maji, akapimiwa kwa kijiko.

"Si uhamie kwangu tu, dada," Matilda alimwambia.

"Utanifuata. Huu hautafuti nyumba, unatafuta miti."

Basi Jumbe Kalinga alipoitisha baraza kuhusu kile kipande cha mwisho, kama kikatwe au kiachwe, Rozalia alikwenda, na ukungu nyuma yake kama mbuzi. Ukakaa katikati ya watu. Wenye makoti wakafunga vifungo.

"Wanyalukolo, ndugu zangu," Rozalia alisema, "mgeni wangu mnamwona. Sina makubwa. Kile kipande kiachwe, arudi kwao, mianzi yangu inywe. Ikifa hiyo, na mimi sina pengine."

Akasimama Liberatus, mnyapara wa kiwanda, kijana wa soksi ndefu. "Mama, tuongee kwa akili. Babu yangu alisimulia ukame uliokausha mto mpaka ng'ombe wakala nyasi za paa. Msumeno ulikuwepo siku zile?"

"Haukuwepo!" watu wakajibu.

"Haya. Ukungu unakuja wenyewe, unaondoka wenyewe. Na nani kawaambia umeondoka? Si huu hapa, umeniloweshea soksi?"

Watu wakaguna. Hoja ilikuwa nzito.

Mwinjilisti Sedekia naye akasema hewa ni ya Mungu, binadamu ni vumbi, na vumbi halina ubavu wa kusogeza majira. Wakaitika amina. Kabla hajakaa akaongeza kwamba, pamoja na hayo, tangu kijiji kianze haijapata kuonekana mwanamke anagema ulanzi, na huenda kile kisu cha Rozalia ndicho kilichoiudhi hewa.

"Mwinjilisti," Rozalia akamuuliza, "msumeno mrefu kuliko ng'ombe hauwezi kuusogeza ukungu, ila kisu changu cha kumenyea viazi kinaweza?"

"Sijasema kinaweza. Nimesema huenda."

"Semeni ukweli!" Matilda akapaza sauti kutoka nyuma. "Mnaogopa kwa sababu waume zenu wanakula kiwandani!"

"Na wako je?" mwanamke mmoja akamuuliza.

"Na wangu! Simtoi!"

Wakati huo ukungu, kwa woga au kwa hasira, haijulikani, ulikuwa umezidi kuwa mzito, mtu haoni goti lake mwenyewe. Jumbe akasema yatosha, wanaotaka kipande kiachwe wanyooshe mikono. Pakawa na mchakacho wa mikono ya makoti. Rozalia akapigwa viwiko kulia na kushoto, na moyo ukamtulia.

Jumbe akatazama kwa makini sana.

"Sioni mkono hata mmoja."

"Tumenyoosha, Jumbe!"

"Baraza linaamuliwa kwa mikono, si kwa sauti. Wanaotaka kikatwe?" Akatazama tena. "Hapo napo sioni. Basi, kwa kuwa hakuna anayepinga, kazi iendelee."

Kipande kikakatwa. Ukungu ukaomba radhi kwa namna yake, yaani ukahamia uvunguni ili Rozalia apate kitanda.

Mvua za kwanza zilipopita juu juu bila kuteremka, Rozalia alinoa kisu, akakata ncha za mianzi, akatega mbeta. Asubuhi akazikuta zimejaa mpaka mdomoni unga wa mbao, laini, wa manjano, bado una uvuguvugu. Akajaza kibuyu akaupeleka nyumbani kwa Jumbe, ambako alimkuta na Liberatus na mwinjilisti, akawawekea mbele yao.

Wakaonja. Wakatafuna muda mrefu.

"Mpodo huu," alisema Liberatus, ambaye alizijua mbao zake. "Wa kile kipande chetu."

"Una baraka zake," alisema mwinjilisti, akikohoa.

Jumbe Kalinga alimeza, akajifuta masharubu. "Mwaka huu ulanzi umekuja mkavu," alisema. "Hutokea."

Kisha akasogeza kikombe, na Rozalia akammiminia mwingine.