Waliolala Nyumba ya Mwisho

Siku ya tatu ya sensa, karani alikuwa amebakiza nyumba moja tu. Nyayo zake zilikuwa zinawaka moto, na mtaa ule ulio nyuma ya kiwanda cha matofali ulikuwa umemchosha kwa majibu yake. Dini? Kama ya wenzetu. Lugha ya nyumbani? Hii hii tunayoongea. Asili yenu? Andika ya jirani. Hakuna aliyetaka kuonekana tofauti. Aliyemchekesha ni fundi viatu mmoja. Alipoulizwa ni nani waliolala kwake usiku wa kuamkia sensa, aliwataja wote isipokuwa shemeji yake, aliyekuwa amejinyoosha kochini mbele ya macho yao. "Huyo? Mwaka wa pili huu hajanyanyuka. Mwandike kwenye samani."

Nyumba ya mwisho ilikuwa na vyumba viwili na sebule ndogo, imefagiwa hadi sakafu inang'aa. Bibi kizee mwembamba, amejifunga kanga mbili, alimfungulia kabla hajapiga hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umechelewa."

"Nisamehe, bibi. Leo nyumba zilikuwa nyingi."

"Sikusema leo," bibi akajibu, akamsogezea kigoda.

Karani alidhani ni maneno ya uzee. Akawasha kishikwambi chake na kuanza. Usiku ule walilala watu wangapi katika kaya hii?

"Saba. Mimi, mume wangu, wanangu wanne, na mjukuu."

"Wako wapi sasa?"

Bibi alielekeza kidevu kwenye pazia la chumba cha pili. "Wamepumzika."

Kweli, nyuma ya pazia mtu alikohoa, kikohozi kikavu cha mwanamume. Kisha kikasikika kitanda cha kamba kikilalamika, kama mtu anageuka upande. Karani akaandika saba. Akauliza lugha ya nyumbani, na bibi akaitaja. Haikuwemo katika orodha. Karani hakuwahi hata kuisikia, ikabidi abonyeze "nyingine".

"Inazungumzwa na wengi, bibi?"

"Walio hai? Mimi. Labda na mmoja zaidi."

"Na dini?"

Bibi akaikunja mikono mapajani. "Weka nyingine pia. Kwetu sisi, mtu akifa huagwa kwa sauti mbili. Wa kwanza humwita kwa jina na kumwambia nenda salama. Wa pili hujibu, tumesikia, nenda salama. Pasipo wa kujibu, marehemu hatoki. Ugonjwa wa tumbo ulipita hapa, ukanimalizia nyumba kwa wiki mbili. Nimewaita miaka thelathini, mwanangu. Nani anijibu?"

Nje jua la saa nane lilikuwa linachoma. Karani alisimama, akalivuta pazia. Mikeka ilikuwa imetandikwa kandokando ya kitanda cha kamba, na hapakuwa na mtu. Aliinama akaugusa mkeka wa karibu. Ulikuwa na joto, joto lile la mahali mtu ametoka kulala sasa hivi.

Angeondoka. Alishauweka mkoba begani. Lakini nyuma yake bibi aliita jina moja, akaongeza maneno machache ya lugha ile, taratibu. Kabla karani hajajua kinachotokea, mdomo wake ukajibu.

Alijibu kwa kithembe. Maneno yalimtoka kama yanavyomtoka mtoto ambaye meno hayajamkaa sawa, na aliyaelewa yote. Tumesikia, nenda salama. Pazia likavimba kuelekea mlangoni, likatulia. Kile kikohozi hakikusikika tena.

"Huyo ni babu yako," bibi alisema. Machozi yalikuwa yakimchuruzika wala hayafuti. "Keti. Usiniache katikati."

Karani aliketi. Bibi akaita wa pili, karani akajibu. Akaita wa tatu, wa nne. Kila mara pazia lilivimba, na chumba kikazidi kuwa kitupu, utupu ambao masikio yanausikia. Alipofika kwa mwanawe wa mwisho, bibi alimtazama karani.

"Huyu ndiye baba yako."

"Baba yangu alikuwa dereva," karani alinong'ona. "Alifia mjini."

"Nani kakwambia?"

Alikuwa ameambiwa na mama. Bibi akaliita jina lake, karani akajibu, na safari hii kitu kama kiganja kikubwa kilimpita utosini, chepesi, kikaenda zake.

"Bado mmoja," bibi alisema. "Mjukuu. Msichana, miaka minne. Mama yako alipokuchukua, alisimama pale njiani akaniambia, mhesabu huyu amekufa. Nami nikamhesabu."

"Lakini bibi, mimi si huyu hapa!"

"Wewe upo. Na yeye yupo."

Nyuma ya pazia, mtoto alicheka. Kilikuwa kicheko cha kujificha, cha mtu aliyeziba mdomo kwa viganja.

"Nimuage?" bibi aliuliza.

Karani alibana midomo hadi ikauma. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na bado alijua hawezi kumfukuza mtoto yule. "Hapana, bibi. Mwache."

Alitoka uani, akampigia mama yake simu. "Mama, niko nyuma ya kiwanda cha matofali. Nyumba ya mwisho."

 Mama, ambaye siku zote alimfokea kwa lugha moja tu, akauliza kwa ile nyingine kama bibi yu hai. Karani akamjibu kwa lugha hiyohiyo. Mama akaangua kilio.

"Majirani walitunyima hata maji ya kisima," alisema alipopata sauti. "Hata chekechea walikataa kukuandikisha. Nikakutafutia jina, na dini, na lugha ambayo hakuna atakayekufukuzia mlangoni. Ningefanya nini, mwanangu?"

Karani alirudi ndani, akafuta saba, akaandika wawili. Msimamizi wake alipomuuliza jioni kama kweli ajuza yule analea mtoto wa miaka minne peke yake, alisema ndiyo, amemsikia kwa masikio yake.

Mama alifika Jumamosi. Alishuka na mfuko mmoja, akatembea hadi kizingitini, akasimama hapo. Bibi alikuwa ameketi ndani akimtazama. Karani alisimama kati yao, hajui amshike nani.

"Mwite mwanao," bibi alisema hatimaye.

Mama aliliita lile jina la zamani. Karani alifungua mdomo aitikie. Lakini kule chumbani, nyuma ya pazia, mtoto alikuwa ameshaitika, na visigino vidogo vikasikika vikikimbia kuja mlangoni.